Sekunde Tisa za Daktari Noor

Ninyi wahariri vijana mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukihariri filamu Garissa kabla ya kompyuta kufika. Nadhani mlitaka vichekesho: jenereta, vumbi, mbuzi aliyekula kanda. Mbuzi hakula kanda. Alikula daftari langu la kazi, kurasa arobaini za maneno niliyoyaandika kwa mkono, na sikucheka. Haya, nitawaandikia. Vyeo na mishahara nitaviacha kando, kwa sababu sijaona cheo kilichomsaidia mtu kukata picha vizuri.

Niliajiriwa kama mpiga taipu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakimbizi kutoka Somalia wakiingia Dadaab kila siku, na ofisi yetu ilitengeneza filamu fupi za mafunzo: chanjo, kunyonyesha, usafi wa visima. Tulizionyesha kambini na katika miji ya wafugaji, Wajir mpaka Mandera. Karibu kila kilichorekodiwa kilikuwa kwa Kisomali. Mhariri wetu wa pekee, Mzee Mutua, alikuwa ametoka Machakos na hakujua Kisomali hata cha kuombea maji. Siku yangu ya tatu kazini alikuja kusimama mbele ya taipu yangu.

"Wewe ndiye Khadija?"

"Ndiyo, mzee."

"Hebu njoo. Kuna mama huku anaongea dakika nne, na karatasi ya tafsiri ina neno moja."

Neno lenyewe lilikuwa "Anashukuru." Nikakaa, nikasikiliza, maana Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Mama yule alishukuru mara moja tu, pale mwanzoni, kama mtu yeyote mwenye adabu. Dakika zote zilizobaki alikuwa analalamika kwamba vyoo vimejengwa mbali na mahema, na kwamba usiku wanawake wanaogopa kwenda. Nilipomweleza Mzee Mutua, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miezi minane," alisema. "Miezi minane nimekuwa nikiwakata watu hawa kama kuni." Akanivutia kiti. Sikurudi kwenye taipu tena.

Chumba cha kuhariria kilikuwa stoo ya unga zamani. Dirisha lilikuwa moja, tukiliziba kwa shuka iliyoloweshwa maji ili joto lisiue mashine, na juu ya mashine tulitandika chandarua cha mbu ili kuzuia vumbi. Vichwa vya mashine tulivisafisha kwa spiriti tuliyopewa na zahanati. Sheikh mmoja aliyekuja kurekodiwa alinusa hewa ya chumba, akaniangalia mimi na buibui langu, akauliza kwa upole kama wazazi wangu wanajua ninakofanya kazi. Nilitumia nusu saa kumweleza kwamba ile si pombe. Sidhani aliniamini.

Niwaeleze mashine, maana hapa ndipo ninyi mnapocheka na mimi ninapokasirika. Zilikuwa mbili. Moja inacheza kanda uliyorekodi, nyingine inanakili vile vipande unavyovitaka, kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi. Uzi huo haufunguki katikati. Ukigundua kwamba kipande cha pili kina kasoro na umeshafika cha hamsini, unarudi cha pili, halafu unanakili upya vyote vinavyofuata. Usijaribu kunakili nakala ya nakala ili kuokoa muda; nyuso zinapauka mpaka watu wote wanafanana. Ninyi mnabonyeza kitufe na kosa linafutika. Ndiyo maana mnafanya makosa mengi hivyo.

Mzee Mutua alikuwa amehariri filamu zenyewe Nairobi, zile za utepe, akizikata kwa wembe na kuziunganisha kwa gundi. Kanda alizidharau. Lakini alinifundisha kila kitu ninachokijua, na alianza kwa kuninyima mashine. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiandika tu: kila neno la kila mtu, kwa mkono, pamoja na dakika na sekunde lilipotamkwa. Nilipolalamika alisema, "Ukiandika neno la mtu kwa mkono wako, utaona haya kulikata ovyo." Yeye mwenyewe alikata akiwa amefumba macho. Alisema macho yanadanganyika upesi. Mtu hajamaliza kusema mpaka sikio lako liseme amemaliza.

Alistaafu akarudi kwao, nikabaki peke yangu na Bwana Njagi.

Bwana Njagi alikuwa mtayarishaji aliyeletwa kutoka Nairobi. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na Kisomali kwake kilikuwa kelele. Alitaka kila filamu iwe na mwanamke anayelia. "Khadija, hapa hakuna machozi?" Nilimwambia mama huyu anaeleza jinsi ya kuchemsha maziwa, atalia kwa nini? Alitaka ngamia wapite wakati jua linazama, hata katika filamu ya minyoo. Alikata watu katikati ya sentensi kwa sababu uso ulikuwa mzuri pale. Kila siku nilimwambia, "Bwana Njagi, hapo hajamaliza." Kila siku alijibu, "Nani atajua?" Nilimjibu kwamba watajua wote isipokuwa yeye. Tuliishi hivyo kwa miaka mitatu, na nilijiona mlinzi mkubwa wa maneno ya watu. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Mwishoni mwa tisini na saba mvua ilinyesha kama haijui kuacha. Mto Tana ulifurika, barabara ya Wajir ikakatika, chakula kikawa kinasafirishwa kwa helikopta. Kisha mifugo ikaanza kufa. Mbuzi na kondoo walitupa mimba zizi zima, na watu waliowachinja wagonjwa walishikwa na homa, wengine wakitoka damu. Tukaambiwa tutengeneze filamu haraka.

Msemaji wetu alikuwa Daktari Noor, daktari wa mifugo, mtu wa Wajir, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Tatizo lake lilikuwa moja. Mfugaji akiona mbuzi anakufa, humchinja haraka kabla hajafa, kwa sababu akifa mwenyewe ni mzoga na ni haramu kumla. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Kwa hiyo Daktari Noor hakutaka kulikwepa. Aliitazama kamera akasema kwa Kisomali: "Ukiwahi kumchinja kabla hajafa, nyama ni halali." Akanyamaza, akainamisha kichwa, akavuta pumzi. Kisha akaendelea: "Lakini kuwa halali hakuzuii ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye damu. Mnyama mgonjwa usimchinje, usimguse kwa mikono mitupu." Maneno hayo ya pili yalichukua sekunde tisa.

Filamu ilitoka dakika kumi na tano. Bwana Njagi alitaka kumi na mbili, na helikopta ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Nilikuwa nimeisikia sauti ya Daktari Noor siku tisa mfululizo. Spika yetu ilikuwa imeharibiwa na unyevu, nikitumia visikilizio vya kuvaa masikioni, na kwa joto lile masikio yalikuwa yamechubuka. Nikavivua. Nikasema moyoni, kazi hii naijua, nitakata kwa macho. Nilimwona Daktari Noor anafumba mdomo na kuinamisha kichwa kama mtu aliyemaliza, nikakata hapo, nikaunganisha na picha ya wanawake wakinawa mikono. Ilipendeza sana. Bwana Njagi alinipigia makofi.

Naandika hili wazi ili msije mkamsingizia. Hakuniambia nikate pale. Mimi ndiye niliyekata.

Nakala nane ziliondoka kwenye magunia ya unga. Siku tatu baadaye Daktari Noor alirudi kutoka mpakani, viatu vimejaa tope, akaomba aione filamu yake. Nilimwekea, nikamtilia chai. Alipofika dakika ya saba aliweka kikombe chini.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Tukasikiliza wote wawili. *Ukiwahi kumchinja kabla hajafa, nyama ni halali.* Wanawake wakanawa mikono.

"Khadija," alisema, "maneno yangu mengine yako wapi?"

Nikakaa kwenye kasha la kanda.

"Umewaambia wachinje," alisema. "Kwa mdomo wangu."

Tulikimbilia chumba cha redio. Ninyi wenye simu mkononi hamjui uchungu wa kupiga kelele kwenye redio ya upepo huku mvua inanguruma. Wajir walijibu: filamu bado haijaonyeshwa, jenereta imelowa. Kambi moja ikajibu, ya pili ikajibu. Takaba alijibu mtu mmoja aliyekuwa na furaha kupita kiasi, anayetamka p kama b; kila aliyemaliza kusema alitaja "badili" ili mwenzake ajibu.

"Kanda nimebata! Watu wamejaa, nangoja betri tu! Badili!"

"Usiionyeshe! Narudia, usiionyeshe! Badili!"

"Mama, hawa watu watanibiga. Wamengoja bicha tangu asubuhi. Badili!"

"Waambie picha imekufa! Badili!"

Akasema kwa huzuni, "Haya. Nitawaambia bicha imekufa."

Saba walijibu. Diff, pale mpakani, hawakujibu. Redio yao ilikuwa imezama.

Nikarudi kwenye mashine. Kurudisha sekunde tisa dakika ya saba maana yake ni kunakili upya kila kinachofuata, na jenereta ilizimika mara mbili nikiwa karibu kumaliza. Nilimtukana, Mungu anisamehe, fundi aliyeiunda na mjomba wake. Bwana Njagi alisimama mlangoni.

"Tutasema ni toleo jipya," alisema. "Lililoboreshwa."

"Halijaboreshwa. Lile la kwanza lilikuwa na kosa."

"Khadija, ukisema kosa, nani atatuamini tena? Peleka kanda, onyesha, rudi."

Niliingiza kwenye mfuko nakala mpya, na pamoja nayo kanda ghafi, ile ya kamera yenyewe isiyokatwa, halafu nikaenda kumtafuta Daktari Noor kwenye uwanja wa ndege. Helikopta iliyobeba dawa ilitupa nafasi mbili.

Diff ilikuwa kisiwa. Maji kila upande, mbu kama moshi, na harufu ya mizoga ilitupokea kabla hatujatua. Muuguzi wa zahanati alituambia filamu ilionyeshwa siku ileile ilipofika, darasani, na darasa lilijaa.

"Kuna aliyechinja?" aliuliza Daktari Noor.

Muuguzi alituonyesha mkeka. Alikuwa amelala mwanamume wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, midomo imekauka. Jina lake Bishar. Kando yake alikaa mama yake, Habiba, mwanamke mrefu ambaye mji mzima ulimwita Ayeeyo, yaani bibi. Alitutazama mpaka tukamaliza salamu.

"Wewe ni yule wa filamu," alimwambia Daktari Noor. "Mwanangu alikuwa amewaacha mbuzi wagonjwa. Aliogopa. Baada ya kukuona akasema, daktari amesema ni halali tukiwahi. Akachinja wawili. Sasa umekuja kumtazama?"

Daktari Noor alifungua mdomo. Niliweka mkono wangu mbele yake.

"Ayeeyo, hakusema hivyo. Mimi ndiye ninayekata filamu. Nilimkata maneno yake."

"Ulimkata?"

"Alikuwa hajamaliza kusema. Sikumsikiliza."

Akamgeukia mwanawe na kuanza kumlowesha midomo kwa kitambaa. Nilitamani anitukane.

Alasiri watu walikusanyika tena darasani. Niliwaambia lililotokea, kwa Kisomali, nikiwa nimesimama mbele ya televisheni. Nilidhani kukiri ndiyo sehemu ngumu. La. Mwanamume mmoja aliinuka nyuma.

"Juzi mmesema chinja. Leo mnasema tusichinje. Kesho mtasema nini? Hawa wanataka mbuzi wetu wafe, basi!"

Watu wakamuunga mkono. Daktari Noor akasimama akasema yeye mwenyewe yuko hapa, wamsikilize. Mwanamume akamjibu, "Sasa umefundishwa la kusema." Baadhi wakaanza kutoka. Kanda mpya ilikuwa mkononi mwangu na niliona wazi kwamba haina faida yoyote. Kwao ilikuwa uongo wa pili uliopangwa vizuri kuliko wa kwanza.

Sauti ikatoka mlangoni. "Ngojeni."

Ilikuwa Ayeeyo Habiba. Alikuwa amemwacha mwanawe na muuguzi.

"Huyu amesema alikata," alisema. "Aonyeshe kisichokatwa."

Nikaitoa kanda ghafi. Enyi mnaofuta kanda ghafi ili kupata nafasi, someni hapa mara mbili. Niliiweka bila kugusa kitu. Watu walimwona Daktari Noor anakohoa, anafukuza nzi, anamuuliza mpiga picha kama aanze. Mbuzi alipita nyuma yake. Kisha akasema, *ukiwahi kumchinja kabla hajafa, nyama ni halali*, akainamisha kichwa, akavuta pumzi, na bila picha kuruka hata kidogo akainua uso na kuendelea. *Lakini kuwa halali hakuzuii ugonjwa.*

Waliokuwa mlangoni walirudi ndani.

"Irudie," alisema Ayeeyo Habiba.

Niliirudia mara tatu. Mara ya tatu alinyoosha kidole kwenye kioo, pale Daktari Noor alipoinama. "Hapa ndipo ulipomkata?"

"Hapo."

Alitikisa kichwa. Akawageukia watu. "Ni shati lilelile, nzi walewale. Alisema siku ileile. Mwenye mbuzi mgonjwa asimguse." Akatoka, akarudi kwa mwanawe. Yule mwanamume wa nyuma alimuuliza Daktari Noor kuhusu maziwa, mwingine kuhusu ngozi, na maswali yakaendelea mpaka helikopta ikaanza kupiga kelele ya kutuita. Ile kanda mpya haikutazamwa na mtu.

Bwana Njagi aliandika kwenye ripoti kwamba toleo jipya lilipokelewa vizuri.

Bishar hakufa. Muuguzi alituarifu redio ilipopona, na nilitoka nje ya chumba nikaegemea ukuta wa jikoni nikalia, mimi niliyekuwa nikimkatalia Bwana Njagi machozi. Lakini homa ile ikiondoka huweza kushambulia macho. La kushoto lilizimika kabisa. Miezi kadhaa baadaye, barabara zilipokauka, mama yake alimleta hospitali ya Garissa, na walipomaliza huko wakauliza njia ya kuja ofisini kwetu.

Waliingia wakati nikisafisha mashine. Nilimwita Ayeeyo, nikampa kiti, nikaagiza chai. Bishar hakukaa. Alizunguka chumba akigusa vitu: chandarua, mashine mbili, kanda kwenye rafu. Alikuwa na desturi mpya ya kugeuza shingo nzima ili aone kilichoko kushoto.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Ni hapa, walaal, ndugu yangu."

"Hapa ndipo ulipomnyamazisha daktari."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, kwa Kisomali kizuri, na nilianza kuyasema. Alinyanyua mkono kunizuia. Hakuwa na hasira. Nadhani alitaka kujua kweli, kama mtu anayeuliza bei ya ngamia au njia ya kwenda Wajir.

"Yale maneno yaliyobaki ni marefu kiasi gani?"

"Sekunde tisa."

Akahesabu polepole kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti, mpaka akafika tisa. Akashusha mkono.

"Ulikuwa unakimbilia nini?" aliuliza.

Nilitaja helikopta. Nilitaja dakika kumi na mbili. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikizitaja, nikaishia hapo. Chai ikaletwa, tukainywa sote watatu, na alipomaliza Bishar aliniaga kwa heshima, akageuza shingo kuutafuta mlango, akatoka na mama yake.